Daftari Lako Limejaa Habari za Mwingine

Papa,

Nikuambie lililo moyoni kabla ujasiri haujaniishia: huyo mzee wako, Monsieur Léon, nilikuwa simpendi. Miaka sita ulitoka kwetu Burnsville, huku ughaibuni, kila asubuhi kwenda kumwogesha, kumpikia uji na kumkumbusha vidonge vyake. Hiyo ilikuwa kazi, sikuwa na neno. Lakini kazi iliisha saa nane mchana, nawe ulirudi saa kumi na mbili. Mlikuwa mnaongea. Tena Kifaransa, lugha ambayo mimi mtoto wa kambi ya wakimbizi sikupata kuisoma. Siku niliyokuja kukuchukua kwa gari nilikukuta unacheka mpaka unafuta machozi. Nyumbani kwetu hukuwahi kucheka hivyo. Nikikuuliza habari za Kongo, za vita, za Mama, ulisema, "Furaha, kula kwanza, chakula kinapoa."

Habari zake, lakini, ulinipa bila kuombwa. Kwamba ni Myahudi wa Ubelgiji. Kwamba alipokuwa mtoto masista walimficha wakampa jina la Kikristo, na mdogo wake Rosa akapakiwa kwenye treni pamoja na wazazi wao, asirudi hata mmoja. Kwamba alipofika mji huu, kijana, alikuta klabu zisizotaka watu wake na hospitali zisizotaka madaktari wao. Ulienda naye sinagogi mara moja ukarudi umeduwaa: kanisani kwetu mlangoni anasimama mama wa kugawa vitabu vya nyimbo, kwao anasimama mlinzi mwenye bastola. Hayo yote nilijua. Yako wewe yalibaki kwake.

Kisha ukafa, mwezi wa pili, ardhi imeganda. Alikuja matangani na mkongojo wake, akakaa kiti cha mbele, na ukosi wa koti lake ulikuwa umechanwa. Nilipouliza, akasema kwao huchanwa kwa ajili ya ndugu wa damu. Papa, mimi mwanao nilikuwa nimevaa kitenge kipya cha sare, hakina hata uzi uliotoka. Hata msibani alinizidi.

Wiki tatu baadaye nilifungua kabati lako nikakuta daftari la kijani, limejaa mwandiko wako wa Kiswahili. Nikaketi sakafuni. Nikasema, hatimaye. Nikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi: Léon, Rosa, masista, treni. Mimi simo. Mama hayumo. Nililia kwa hasira pale sakafuni, kisha nikalitia kwenye mfuko pamoja na soksi zako kuukuu, nikautupa katika pipa kubwa la taka nyuma ya jengo.

Kesho yake nikaenda kumrudishia Monsieur Léon ufunguo wa nyumba yake. Mtaani kwake, mbele ya kila mlango, kulikuwa na kifuko cha nailoni chenye karatasi na mchele kidogo wa kukizuia kisipeperuke. Mchele, Papa. Karatasi ilisema Wayahudi hawakuuawa kama isemwavyo, kwamba wanaosimulia ni waongo wanaotafuta huruma. Yeye alikuwa nje kwenye baridi, ameinamia mkongojo, anataka kuokota cha kwake na mgongo umekataa. Nikamwokotea. Akaisoma karatasi, akaikunja, akasema polepole, "Nilipoalikwa shuleni kusimulia, mtu mzima alisimama akaniambia natunga. Nikamweleza baba yako. Akasema mtu hajishuhudii mwenyewe. Basi mimi nikaandika yake, yeye akaandika yangu. Unalo daftari lenye habari zangu?"

Nikasema ninalo.

Sikumbuki nilivyoendesha gari kurudi. Nilikumbuka tu kwamba gari la taka hupita Alhamisi, na ilikuwa Alhamisi. Wale wa vifuko wanajitahidi kumfuta Rosa, na mimi mwanao nilikuwa nimewasaidia. Niliingia mle pipani na sare yangu ya kazi ya hospitalini, jirani akinitazama dirishani. Daftari lilikuwa limelowa kona moja na linanuka samaki. Nilipolipata nililikumbatia kwa aibu.

Jumapili nilimpelekea nikamwambia ukweli wote. Alilipokea akalifuta ile kona iliyolowa. Kisha, nilipomuuliza habari zako, akatoa daftari lake na kunisomea, akinitafsiria kutoka Kifaransa sentensi baada ya sentensi, mpaka tukafika mtoni, siku mliyokimbia. Mimi mgongoni kwako. Zawadi umemshika mkono. Papa, sikujua nilikuwa na dada. Maji yalikufika kifuani, na mkono mmoja ulitakiwa kushika kamba, na mwingine kunishika mimi nisiteleze, na Zawadi...

Hapo Monsieur Léon aliacha kusoma. Alisema ulimwomba asiniambie mpaka nije kuuliza mwenyewe, kwa sababu uliogopa nitajilaumu kwa kubebwa.

Najilaumu. Lakini afadhali najua. Na nimeelewa kwa nini ulimwambia yeye: naye alibaki hai, mdogo wake hakubaki. Kwake hukuhitaji kujieleza. Wivu haujaisha, sitakudanganya, ila umehama. Sasa namwonea wivu Zawadi, maana yuko nawe.

Mwezi ujao Monsieur Léon amealikwa shuleni tena. Miguu haimbebi, atakaa. Atakayesimama ni mimi, na daftari lako lenye harufu ya samaki, nisome ulivyoandika: kwamba Rosa alikuwa na miaka minne na hakukubali kunywa supu kabla ya kumlisha mwanasesere wake. Akiinuka mtu kusema ni uongo, atanikuta nimesimama. Naye Monsieur Léon ameahidi kwamba tukimaliza la Rosa, atafungua lake, alitaje jina la Zawadi mbele ya watoto wale.

Pumzika, Papa. Nisalimie Mama. Na Zawadi mwambie kwamba yule wa mgongoni ameanza kumuulizia.

Mwanao,
Furaha