Kioo Mbele ya Mama Maria

Mama yangu wa vidole visivyotulia,

Leo nimemkaripia mtoto wa watu. Ni dada wa Uganda, mfanyakazi wa nyumbani, aliyekuja na mwajiri wake kwenye jumba la makumbusho hapa Maskati ninapofanya usafi. Tumeletewa picha ya kale kutoka Italia, ndogo, ya ubao: Mama Maria amempakata Mtoto. Dada akanyoosha kidole. Nikaruka, "Usiguse!" Akaurudisha mkono kama mtu aliyechapwa.

Bi Salma, anayewatembeza wageni, akanicheka. "Hebu tazama mguu wa mtoto," akasema kwa Kiswahili cha kwao Unguja. "Rangi imetoka kwa kubusiwa. Watu wa zamani wakiiweka chumbani, wakiipapasa, wakiikumbatia. Miye nnaipenda hapo hapo ilipochakaa."

Nikakukumbuka, Mama, na moyo ukaniuma.

Ile picha yako ya karatasi kutoka parokiani! Macho yako yalipoingia ukungu, uliiona kwa vidole. Ulianzia kwenye mkunjo wa pembeni, ukaja hadi usoni palipokwaruzika, ndipo ukaanza Salamu Maria. Mimi niliona inararuka tu. Nilipokuja likizo nikaitia fremu ya kioo, tena ya bei, nikajiona mtoto mwema kuliko wote. Ukaipapasa, ukautafuta ule mkunjo.

"Asante, mwanangu. Lakini mbona Mama Maria amekuwa baridi?"

Nikacheka. Nilidhani unatania, maana kwa utani hujambo.

Wema wangu ulikutokea puani. Nilikutenga na mwenzako wa kila asubuhi, kisha nikapanda ndege nikarudi huku, nikakuacha na kioo. Nisamehe, Mama. Naona haya hata kukuandikia.

Baada ya mazishi yako niliichukua picha hiyo, nikaja nayo. Leo nimetoka kazini nimekata shauri kukitoa kioo hicho. Nikaisogeza dirishani nione misumari. Kioo chote ni safi, ila mbele ya uso wa Maria kuna alama za vidole vyako, nyingi, moja juu ya nyingine. Kumbe hukuacha kumtafuta.

Kazi yangu ni kufuta alama za vidole kwenye vioo. Nimekiacha kilivyo. Nimekibusu pembeni kabisa, nisije nikakufuta.

Lala, Mama.

Kifungua mimba wako