Mama, Nilikufuta kwa Dawa ya Meno

Mpendwa Mama,

Gari lako liliondoka Jumanne, juu ya lori, limefungwa mikanda kama mgonjwa anayepelekwa Mbeya. Nakuandikia haraka kabla hujasikia kwa wengine. Watu wa Lyulilo wanaendelea kukufuata huko mmoja mmoja, na nijuavyo mimi, hakuna hata mmoja atakayefika bila umbeya. Nataka habari hii uisikie kwangu, pamoja na kipande ambacho wao hawakijui.

Unakumbuka siku niliyokuambia gari hilo ni la aina gani? Ulikuwa umekaa kwenye mchanga, chungu kikizunguka mbele yako, wewe ukikikwangua kwa kipande cha kibuyu. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimejaa Kiingereza cha kubahatisha nilichokitoa kwenye majarida tuliyoyakuta chini ya kiti.

"Mama, hili gari si la kawaida," nikasema.

"Najua. La kawaida lina kiti cha nyuma."

Nikakueleza hata hivyo. Kwamba kiwanda kikitaka kupeleka gari lake mashindanoni, wenye mashindano hawakubali gari la peke yake. Wanasema tengeneza kwanza ndugu zake, idadi hii, uwauzie watu wa kawaida, tuje tuwahesabu. Wakishahesabiwa ndipo lile moja linaruhusiwa kukimbia. Wataalamu wana neno refu, homologesheni. Mimi nikakuambia ni gari la kuhesabiwa, na yaliyobaki duniani ni machache sana.

Ulipuliza vumbi la udongo kwenye ukingo wa chungu.

"Kwa hiyo lilizaliwa lihesabiwe tu?"

"Ndiyo."

"Halafu likae?"

"Halafu likae."

"Basi lina bahati limekuja kwangu. Hapa hakuna anayekaa."

Lilikuja kwako kwa njia ya mzunguko. Yule mzee wa mashamba ya chai kule Tukuyu, aliyemwajiri Babu kuwa mlinzi, alilinunua likiwa jipya, akalifunika turubai, akawa analipangusa kila Jumapili baada ya kanisa. Sidhani kama aliwahi kulitia matope. Alipoondoka kurudi kwao hakupata mnunuzi: viti viwili, madirisha ya plastiki, mlango mwepesi kama sinia, na ndani mabomba ya chuma yamezunguka paa ili dereva asipondeke gari likibiringika. Akamwachia Babu alilinde mpaka atakaporudi, na hakurudi. Babu naye akalilinda, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua. Alipofariki, kaka zako waligawana ng'ombe, wewe wakakupa gari, na wakacheka mpaka jioni.

Ulicheka baadaye, wewe. Ulijifunza kuendesha kwa dereva wa trekta la mashine ya mpunga, na kwa hiyo maisha yako yote uliendesha kama mtu anayevuta jembe. Wale mafundi wa ng'ambo waliotoa jasho kupunguza uzito, kilo hapa, kilo pale, wangekuona Jumamosi ukitoka Lyulilo kwenda sokoni na mitungi ya Ikombe, kijiji cha wafinyanzi, iliyoshushwa kwenye mitumbwi, wangelia. Ulimwita fundi wa Ipinda akachomelea ndoano kwenye yale mabomba ya paa. Kila mtungi ukaning'inia kwenye kamba yake, umevikwa majani makavu ya mgomba, na katikati ya mitungi nikakaa mimi, nami nimefungwa. Springi zilikuwa ngumu mno. Jiwe dogo tu, mitungi yote inaitikia. Kwa hiyo gari lililotengenezwa likimbie, ulilifundisha kutembea.

Pale Ndandalo tulipitwa na mtu wa baiskeli aliyebeba mikungu miwili ya ndizi. Akageuka kabisa kutuangalia.

"Mama Lugano! Nishuke nisukume?"

"Pita, baba," ukamjibu kwa dirisha. "Wewe umebeba ndizi. Ukianguka unazo bado."

Na ule mlango wa kushoto, Mama. Kule Ikolo, masika, uliposhika breki kwa ajili ya bata, gari likaserereka mpaka kwenye mpunga wa watu na mlango ukapiga kisiki. Mwenye shamba alikuja na panga mkononi na hasira usoni. Ulimpa chungu cha kupikia kabla hajafungua mdomo, ukasema "ndaga fijo", asante sana, kana kwamba yeye ndiye aliyekupa wewe. Akarudi nyumbani na chungu chake, akiwa bado anatafuta mahali alipoiweka ile hasira.

Lakini ninalotaka kulisema ni la zile alama.

Ninyi mnapochoma vyungu pamoja, kila mwanamke ana alama yake, ili vikitoka kwenye moto watu wasigombane. Ya kwako ilikuwa mikwaruzo miwili ya kucha shingoni mwa chungu, sambamba. Siku moja nilikukuta umeinama kwenye gari, msumari mkononi, unakwaruza dirisha la dereva. Mikwaruzo miwili. Ukahamia dirisha la pili. Ukafanya na taa, vioo vya pembeni, hata sehemu ya chini ya usukani.

"Mama, unafanya nini?"

"Natia alama."

"Ya nini?"

"Lisichanganyike."

"Na lipi?"

Uliinua macho ukatazama barabara, huku mpaka kule. Palikuwa na mbuzi.

"Nimepoteza mtungi mmoja tu tangu nizaliwe," ukasema. "Ule niliousahau kuutia alama." Ukarudi kwenye taa ya nyuma.

Nilicheka, nikakusimulia kwa watu miaka mingi. Nisamehe na hilo pia, lipange kwenye foleni.

Tangu tukuzike, gari lilikaa bandani na magunia ya kakao. Wewe uliacha ziwa likiwa mbali na mlango. Siku hizi masika maji yanafika uani, na mwaka huu yaligusa magurudumu. Nikaona mambo mawili tu: ama liondoke, ama liozee mikononi mwangu. Nikaweka picha kwenye simu. Unajua kazi yangu ya sasa; mtu wa Kyela hanunui gari la mtumba bila kuniita nilitazame kwanza. Sina cheti. Nina pua. Basi akajitokeza tajiri mmoja anayekusanya magari ya namna hiyo, akasema atamtuma mthamini wake.

Sasa sikiliza. Katika biashara hii gari lililolala lina thamani kuliko gari lililofanya kazi. Linalosemwa "lilihifadhiwa" linapanda daraja. Linalosemwa "lilibeba vyungu" watu wanakohoa. Mimi nililijua hilo. Kwa hiyo siku tatu kabla mthamini hajafika niliingia bandani na msumeno wa chuma, nikazikata ndoano zote kumi na mbili. Kisha nikachukua kitambaa na dawa ya meno, ambayo inafuta mikwaruzo ya plastiki vizuri mno, nikaanza na alama za dirisha la dereva. Nikasugua. Zikatoka. Nikaenda la abiria. Zikatoka. Mkono ulipochoka nikajiambia ya nyuma hayaonekani.

Niliimba wakati nasugua. Hilo ndilo linaloniuma.

Mthamini alikuwa mwanamke, Bi Rehema, mtu wa Tanga, mpole wa maneno, na glavu nyeupe kama za daktari. Alianza na namba ya chesisi, akaja ya injini, akalinganisha na karatasi zake, na nikamwona akivuta pumzi. "Ni lenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Kaka Lugano, ni lenyewe." Maana mengi, aliniambia, ni ya kawaida yaliyovishwa nguo za ndugu zao.

Akatoa fomu ya historia, ile inayoambatana na gari popote liendapo. Wamiliki wote, kwa mpangilio.

"Wa kwanza ni wakala aliyeliingiza. Wa pili ni mzee wa chai. Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo lilihifadhiwa," nikasema.

"Na nani?"

"Bandani tu."

Akaandika kwa penseli: *Lilihifadhiwa bandani.* Nikayaona yale maneno. Mama, miaka yako yote, Jumamosi zako zote, umekuwa banda.

Ningeweza kusema hapo hapo, sikusema.

Bi Rehema aliingiza kichwa ndani, akapitisha kidole kwenye bomba la paa.

"Hapa pamekatwa kitu. Juzi juzi."

"Labda kutu."

"Kutu haiachi chenga zinazong'aa, kaka." Akanionyesha ncha ya glavu. Kisha akalala chali kitini, akawasha tochi, akaipeleka ubavuni kwa dirisha la nyuma. "Na hii?"

"Mikwaruzo. Si unajua plastiki."

"Ya bahati mbaya haiji miwili miwili, yenye kipimo kimoja. Na nyingine iko kwenye taa." Akanusa. "Halafu, usinielewe vibaya, lakini hili dirisha la dereva linanuka mnanaa."

Nilitoka nje. Nilikwenda mpaka majini kunawa mikono, na dawa ya meno ilikuwa bado chini ya kucha. Pale ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Gari lile lote, tangu kiwandani, ni habari ya kuhesabiwa. Liliundwa ili mtu aje na karatasi aseme naam, lipo. Mimi mtoto wako wa kumzaa, niliyefungwa katikati ya mitungi yako, nimesimama mbele ya karatasi hiyo hiyo nikasema hukuwepo.

Nikarudi nikamweleza kila kitu. Ndoano, mitungi, alama, Ikolo, bata. Alisikiliza bila kuandika. Nilipofika kwenye bata alicheka, akaomba radhi.

"Nikiandika haya daraja linashuka," akasema. "Bwana anayenunua anataka lililolala. Anaweza hata kughairi."

"Najua."

"Na mimi simwandiki mtu nusu. Nikimwandika, naandika na mlango uliogongwa."

"Mwandike mzima."

"Maji je? Akighairi, masika ijayo hili gari litakuwa wapi?"

Nikamwambia aandike kwanza.

Akafuta ile penseli, akatoa kalamu ya wino. "Jina lake?"

"Mama Lugano."

"Hilo ni jina lako, kaka. Nauliza lake."

Unaweza kuamini nilisita? Kijiji kizima, soko zima, hata mchungaji, walikuita Mama Lugano; mimi nilikuwa sehemu ya jina lako mpaka lako likabaki la daftari la kanisa. Nikalitamka polepole: Sekela Anyosisye. Akaomba nimtajie herufi moja moja, na nilipofika ile Y ya pili nikaanza tena tangu mwanzo, naye akasubiri bila kuinua kichwa.

"Kazi?"

"Mfinyanzi."

Akampigia yule tajiri simu mbele yangu. Sikusikia upande wa pili, niliona tu uso wake. Yule bwana alipunguza bei, hilo lilikuwa la kutarajiwa. Kisha nadhani akauliza kama ile mikwaruzo iliyobaki inaweza kusafishwa, maana Bi Rehema alinyooka kitini. "Hapana, bwana. Imeshaandikwa. Sasa ni alama ya mmiliki. Atakayeifuta ndiye atakayeliharibu gari." Akasikiliza. "Ndiyo, kwa vyungu. Ndiyo, aliliendesha mwenyewe." Nilihesabu magunia ya kakao. "Haya, bwana. Nitamwambia."

Analichukua. Anaomba na zile ndoano, kama sijazitupa. Sikuwa nimezitupa, zilikuwa kwenye kopo la misumari, nikazitia kwenye bahasha. Alama za madirisha mawili ya mbele haziwezi kurudi. Niliuliza. Nilisema hata nizichore upya mwenyewe, Bi Rehema akanitazama kwa huruma, akasema hiyo itakuwa kughushi. Kwa hiyo dirisha ulilokuwa ukizungumzia na watu njiani ni safi, na usafi wake ni kazi yangu, na hauondoki. Banda nalo limebaki wazi pale liliposimama. Asubuhi naingia humo kutafuta gunia, natoka bila gunia.

Kabla ya kuondoka alinipa nakala ya fomu nihakikishe. Ina nafasi finyu iliyoandikwa "Matumizi", na nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya soko na barabara, lakini akasema neno moja linatosha. Nimekaa nayo hapa mezani, nakunakilia ilivyo. Mmiliki wa kwanza: aliliuza. Mmiliki wa pili: alilitunza. Mmiliki wa tatu, Sekela Anyosisye, mfinyanzi: aliliendesha.

Nikuache sasa, wamekuja kunifuata nikatazame pikipiki. Ndaga fijo, Mama.

Mwanao uliyemfunga katikati ya mitungi asivunjike,
Lugano