Barafu ya Kwenye Pazia

Jumamosi, 5 Januari 2019

Baba amekuja! Kashuka kwenye basi la Arusha na koti la sufu, kofia ya sufu na mkungu wa ndizi begani. Dodoma hii, jua hili! Jasho linamtiririka na bado anasema hasikii joto. Daktari wa Moshi alisema baridi ya Kibosho inamtafuna mifupa, na tangu Mama atutoke hakuna wa kumwashia moto asubuhi. Basi, ni wangu sasa. Nimefurahi mpaka nimesahau kula.

Nikampitisha studio kabla ya nyumbani. Kosa! Kasimama mbele ya pazia langu, lile ambalo wateja wanapigia picha tangu nifungue fremu hii ya duka hapa Makole. Mlima mzima, Kibo nyeupe pe, maua chini. Akauliza, huu mlima wa wapi? Nikasema wa kwetu, Baba. Akasema wa kwetu haujafunga kilemba. Kawabebea wageni mizigo mlimani tangu ujana mpaka magoti yalipogoma, kalala kwenye ile barafu, kaichemshia chai. Akauliza niliuchora kutoka wapi. Kwenye kalenda, nikakiri. Kalenda ya zamani ya duka la vitambaa.

Akasema: si ulikuwa nyumbani Krismasi? Si uliuona? Chora ulichokiona.

Hajamaliza hata saa moja mjini, ameshaanza kuniamrisha.

Jumanne, 8 Januari 2019

Nimechora. Picha niliyopiga kwa simu uani kwa Mama nimeichapisha na kuibandika kwenye dirisha, natazama, napaka. Barafu imekaa vipande vipande, shuka kuukuu iliyoanikwa. Baba kwenye kiti cha plastiki nyuma yangu: punguza, punguza, hapo acha!

Loisi tunagawana fremu hii, yeye anapamba maharusi upande wa dirishani. Akaniuliza kwa nini nauharibu mlima. Mtu wa Zuzu, hapa hapa Dodoma, hajawahi kuuona hata siku moja, na anautetea hivyo! Baba akamjibu kwamba haujaharibika, umepungua tu, na mtu akikonda humkatai kwenye picha ya familia.

Naipenda ile barafu. Nilipokuwa mdogo niliamini inayeyuka mchana na Mungu anaigandisha upya kabla hatujaamka. Nilikuwa nawahi kuamka ili nimfumanie.

Jumatatu, 6 Januari 2020

Nimerudi kutoka Krismasi ya nyumbani. Wachagga wote tumerudi, ofisi zimejaa tena. Mlima ulijificha kila siku mpaka nikaanza kuununia. Halafu tunatoka misa, ukafunguka! Watu wote tukasimama getini midomo wazi. Kipande cha kulia kimepungua. Leo nimekipunguza na kwenye pazia.

Baba ni mfanyakazi wetu sasa, hakuna aliyemwajiri. Anawapanga wateja. Leo kamwambia afisa mmoja wa wizara, mrefu, suti ya maana: "Mheshimiwa, sogea kushoto kidogo, unaziba barafu." Afisa kasogea! Picha ikatoka nusu mtu nusu mlima. Kaipenda, kaagiza kubwa ya kutundika ofisini. Tulivyocheka na Loisi, wanja wa bibi harusi ukaenda mpaka shavuni.

Jumanne, 4 Januari 2022

Nimepunguza tena. Sasa hata warefu wanasimama popote, barafu iliyobaki ni kidogo mno, hawana cha kuziba. Nilimwambia Loisi hivyo kwa utani.

Baba kakunja uso mbele ya pazia. "Anjelina, mbona weupe wa juu siuoni?" Nikasema umepungua, Baba. Akasema hapana, ni macho. Hata uso wa Loisi una ukungu, hata kitabu cha nyimbo. Na kweli ni macho! Na kweli imepungua! Sasa mtu aanzie wapi? Nikasema twende kwa daktari. Hataki. Anasema ukungu huwa unapita wenyewe, ameshauona mara nyingi kule juu.

Alhamisi, 4 Januari 2024

Ukungu haujapita. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali wanasema ni kazi ndogo, wanatoa, wanaweka kioo, unaona. Baba kawaambia hakuna kisu kitakachoingia jichoni mwake. Mtu aliyevuka mawe yale na mzigo kichwani, anaogopa kisu kidogo kuliko kibiriti!

Siku hizi anawapanga wateja kwa kusikia sauti. Loisi kamfundisha Kigogo, basi kila anayeingia anapokewa na salamu ya "Mbukwenyi!" Wagogo wanafurahi, wengine wanaitikia Amina.

Kila nikirudi ni swali moja. "Barafu?" Nami: "Ipo, Baba." Si ipo? Hajauliza kiasi gani. Kwenye pazia sasa unaifunika kwa viganja viwili. Leo kasogea mpaka pua ikakaribia rangi, kasema jicho hili limemlia barafu yake yote. Analilaumu jicho! Nimecheka kwa sauti. Halafu nimekwenda kupanga karatasi stoo, karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

Jumamosi, 11 Januari 2025

AMEKUBALI!

Sijui nini kimemgeuza. Nilikuwa namweleza Krismasi ya nyumbani, nani kaoa, nani kauza shamba, mlima ulivyofunguka. Akanikatiza: "Panga siku." Siku gani, Baba? "Ya kisu. Nataka kuiona barafu yangu kabla sijafa, na kufa hakuna miadi." Loisi kapiga vigelegele mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza nani kaposwa.

Ni Alhamisi hii! Jicho la kulia kwanza. Baba kamtangazia kila mtu: muuza ndizi, mama wa chapati, wanafunzi waliokuja kupiga picha za vitambulisho. Ijumaa nauona mlima wangu, anawaambia, mweupe kama ulivyokuwa.

Kama ulivyokuwa.

Jumapili, 12 Januari 2025

Nimejaribu. Baada ya misa huko mtaani Kikuyu, tunarudi polepole, njia yote matope ya mvua ya jana. Nikamshika mkono. Baba, barafu imepungua sana. Sana.

Akasema anajua. Nikapumua!

Kisha akaendelea. Anajua, ndiyo maana wanamtoa huyo mtoto wa jicho. Ikirudi tu kama ilivyokuwa mwaka aliokuja kwangu, ataridhika, yeye si mtu wa makuu. Halafu akaanza kuimba wimbo wa kutoka misa, kwa furaha, na fimbo ikipiga mdundo kwenye matope. Ningemkatiza mimi? Sikuweza. Niliimba naye.

Jumanne, 14 Januari 2025

Pazia la mwaka huu lilikuwa bado. Loisi kaja na shauri lake. "Rangi si zako? Brashi si yako? Mchoree mzee barafu ya kutosha, afurahi mwezi mmoja. Ukishafika mwezi wa pili unapunguza kidogo kidogo, hatajua." Nikasema huo ni uongo. Kasema yeye kila siku anawapaka watu uso usio wao na wanaolewa vizuri tu.

Nikafungua kopo la nyeupe.

Nikavuta brashi moja pana, kileleni, kutoka kushoto mpaka kulia. Mungu wangu, ilivyopendeza! Tulisimama wote wawili tukitazama. Mlima wa utotoni mwangu, uleule. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu nilijua simchorei Baba peke yake. Naitaka mimi! Nimeitamani miaka yote nikiipunguza.

Nikachukua tambara na mafuta ya taa, nikaifuta kabla haijakauka. Mteja mwingine yeyote ningemdanganya na roho ikatulia. Siyo huyu. Nikachora kilichopo. Imechukua muda mfupi sana, ndiyo shida yake.

Loisi kaninunia mpaka jioni, kisha akaniletea chai na kalimati nne. Akala tatu.

Alhamisi, 16 Januari 2025

Imekwisha salama! Baba kaingia anatembea na katoka anatembea. Kamwambia daktari: mtoe huyo mtoto, lakini barafu iache. Daktari kacheka, kaniangalia mimi apate maelezo.

Amefungwa pamba. Anakoroma chumba cha pili. Kesho wanafungua. Nampenda huyu mzee. Naogopa kesho kama nilivyoogopa matokeo ya darasa la saba.

Ijumaa, 17 Januari 2025

Naandika hapa kaunta, haraka, kabla haijanitoka. Baba bado yuko mbele yangu, hajamaliza.

Asubuhi nesi katoa pamba. Baba kamwangalia nesi, kasema shikamoo! Binti wa watu wa miaka ishirini! Akageuka kwangu. Kanishika nywele. "Anjelina, mvi hizi za lini?" Nikasema za zamani, Baba. Akasema kumbe amekuwa akiishi na mwanamke mzima na hajui, yeye sauti anayoisikia ni ya msichana. Nesi kacheka, mimi nikacheka na kulia kwa pamoja, pua yote ikalowa.

Kwenye bajaji kasoma kila kibao kwa sauti. Duka la dawa! Saluni! Hapa hakuna maegesho! Anasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, dereva anamsaidia zile ndefu.

Tukaingia. Loisi kazima redio. Kulikuwa na wachumba wawili, Hana na Joel, wamekuja kupiga picha ya kadi ya harusi, Hana kapakwa poda shavu moja. Nao wakasogea kando, sijui nani aliwaambia.

Baba kasimama mbele ya pazia. Kaziba jicho jipya, katazama kwa la zamani. Kaziba la zamani, katazama kwa jipya. Karudia. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kaunta.

"Kumbe jicho halikuwa na kosa."

Nikasema ndiyo, Baba.

"Hii ndiyo iliyobaki?"

Ndiyo.

"Umeiona mwenyewe?"

Kwa macho yangu. Krismasi, uani kwa Mama. Mlima wazi, hakuna wingu.

Akaketi kwenye kiti chake cha plastiki. Nikasubiri hasira. Nikasubiri machozi. Nilikuwa tayari kupiga magoti, kusema nilijaribu Jumapili, kusema naumia kuliko yeye. Akaketi tu, mikono magotini. Loisi akajifanya anatafuta brashi ya poda. Kisha Baba akauliza kama tuna chaki.

Tunayo. Ni ya kuwekea alama sakafuni, mteja asimame wapi. Akainuka nayo akaenda kwenye mlima, akachora mstari kwenye kahawia, chini kabisa ya kipande changu cha mwisho. "Hapa ndipo ilipofika nilipopanda mara ya kwanza. Nilikuwa na viatu vya kuazima, kimoja kikubwa." Akachora mwingine, juu kidogo. "Na hapa, ulipozaliwa wewe."

Nikasema sijui habari hiyo. Akasema sijui kwa sababu sikuwahi kumuuliza! Siku ile alikuwa kule juu na wageni. Kajaza barafu kwenye chupa ya chai, kashuka nayo, apate kumwonyesha Mama ambaye alikuwa hajawahi kuigusa. Kafika nyumbani, kakuta nimeshazaliwa tangu juzi yake. Chupa ilikuwa na maji na kijipande kimoja tu. Mama kakinyonya kama pipi, kacheka meno yanavyomuuma, na kijimaji kilichobaki kanipaka kwenye midomo. "Kwa hiyo," Baba akasema, bado ananipa mgongo, "wewe umeinywa. Usijifanye umeitazama tu kwa mbali."

Miaka hamsini na moja, ndiyo nasikia leo!

Wachumba wameketi sakafuni. Joel anauliza maswali: huku je, mzee? Na huku? Baba anajibu, chaki inalia kwenye kitambaa. Loisi kamwacha Hana na shavu lake moja. Anauliza baridi ya huko inafananaje, na Baba anamwambia ni baridi inayonuka. Inanuka nini? Anasema atamtafutia neno.

Nilimkumbusha kwamba daktari kasema apumzike. Amesema amepumzika miaka mitatu.

Upande wa kushoto amefika ukingoni. Nikasema, Baba, pazia limeisha. Akasema mimi nimechora mlima wa kuonekana kutoka kwetu, sehemu ya uani kwa Mama tu, yeye ameuzunguka wote kwa miguu. Na chaki ikavuka! Sasa iko ukutani, ukuta wetu tuliopaka mwezi wa kumi na moja. Anaelekea machweo ya mlima, ananiambia, halafu atageukia kaskazini ambako sisi wa Kibosho hatujawahi kuona. Mistari juu ya mistari. Amepita swichi ya taa. Kila mstari una mtu wake, nani aliteleza, nani alipika, nani aliimba.

Loisi ananitazama, anaomba nimzuie. Sitamzuia. Sasa Loisi mwenyewe anahamisha kioo chake, na poda zake, na kiti cha maharusi, amsafishie njia. Kuna wateja wawili mlangoni, wamekuja picha za pasipoti, hawajui waingie au wasiingie.

Chaki imemwishia Baba. Hajageuka hata. Amenyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, anangoja nimpe nyingine —