Mungu Alitoa Ng'ombe Wangapi?

Jumanne, Gumbo

Na bado watarudi, nawajua. Lakini leo nimewashinda, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Wakwe wa binti yangu Achol walikuja tena. Mumewe amekufa, sasa wanataka arithiwe na shemeji yake. Achol hataki. Anasema atatunga nyimbo zake za kanisani tu, khalas, basi.

Nikawapa hadithi aliyonipa yule mama Mhindi mwenye duka ninalolinda. Kwao zamani kulikuwa na mwanamke wa nyumba ya mfalme. Mume alipokufa, wakwe wakamsumbua. Akasema, mume wangu ni Mungu. Wakampa sumu, akainywa, hakufa. Akaendelea kumwimbia Mungu nyimbo alizotunga mwenyewe. Mpaka leo Wahindi wanaziimba. Hao wakwe wake, leo nani anawajua?

Mkubwa wa hawa wageni wangu akaniuliza, "Mzee, huyo Mungu alitoa ng'ombe wangapi?"

Wote wakacheka. Hata mke wangu, yule!

Nikamwambia, "Ya zol, wewe bwana, hao ng'ombe wako aliwaumba nani? Baba yako?"

Wakamaliza chai, wakaenda.

Mtaa mzima wa Gumbo hakuna mzee mwenye jibu kama hilo. Ila naogopa kidogo. Ng'ombe wao wa mahari ya Achol niliwapokea kweli, na nikawatoa kumwolea mwanangu mke. Wakiwadai...

Basi, wadai tu. Achol yuko jikoni anaimba wimbo mpya. Sauti hiyo ameitoa kwangu, si kwa mama yake.