Sikio la Fahali

Jumatano, Kitengela

Nilihakiki karatasi, wino na jina la mchoraji, lakini sikio la fahali sikulitazama. Kesho tunafungua maonyesho ya katuni za zamani za kisiasa mjini Kajiado, na katuni ninayoithamini kuliko zote, isiyo na neno hata moja, inamwonyesha ofisa wa ardhi akificha fahali wa hongo chini ya meza.

Leo mchana Mzee Parmuat, mfugaji wa Isinya anayetusaidia kupanga viti, alisimama mbele yake kwa muda mrefu.

“Mwalimu, hii ng'ombe umesema ni ya kina Lekuta?”

“Sijasema hivyo, mzee.”

“Umesema! Imekatwa sikio la kushoto. Hiyo ni alama ya mifugo yao. Na hao ndio walinyang'anywa shamba, hawakuhonga mtu.”

“Pengine mchoraji alikosea.”

“Huyo alizaliwa kwa boma. Sikio hawezi kosea. Angalia kazi yako.”

Nililitoa kwenye bahasha gazeti la zamani lililoichapisha katuni hiyo. Mkato ulikuwa kwenye sikio la kulia. Nilipokuwa nikiandaa nakala ya kutundika ukutani niliigeuza picha, kulia ikawa kushoto, na kwa kuwa haina maandishi sikugundua. Kila mfugaji angeingia pale na kuwasoma kina Lekuta kuwa watoa hongo.

Kufikia jioni nakala sahihi ilikuwa imetundikwa.

Kina Lekuta wamealikwa, na watakaa safu ya mbele. Sasa wataweza kucheka pamoja na wengine.