Hapana Kumi Ulizomjibu Mkwe Wako

Mwaitu, mama yangu,

Ile fomu iliyokumaliza bado iko. Imetundikwa kwa msumari pale dispensari, safi kabisa, na juzi wale wakubwa wa Nairobi wametuandikia barua ya pongezi. Ati wanawake wa huku, kutoka Mwingi mpaka Tseikuru, karibu wote hawana ugonjwa wa njia ya mkojo. Nilicheka mpaka nikatoka nje, halafu nikalia.

Wasomi hao! Walikaa mahali na chai yao wakaamua ugonjwa wa mwanamke utajulikana kwa maswali kumi ya ndiyo na hapana. Mkojo wenyewe hakuna wa kuupima, hata kuuangalia tu kwa macho. Jumlisha alama, zikiwa chache mpe asprini aende nyumbani. Na maswali lazima yasomwe kwa sauti na mtu aliyehudhuria semina. Kwetu aliyehudhuria ni mmoja, Musyoka, mume wangu. Mkwe wako.

Wewe, ambaye ukimwona Musyoka njia ya mtoni ulikuwa unaingia kwenye miiba na mtungi mgongoni mpaka apite. Miaka yote hiyo hukuwahi kula mbele yake. Nthoni ni nthoni, ulikuwa ukiniambia, heshima ya ukwe haina mchezo, mkwe hatazamwi usoni.

Huyo ndiye akaketishwa mbele yako na kalamu. Ulijifunika leso ukageukia ukuta. Unachomwa ukienda haja ndogo? Hapana. Unaona damu? Hapana. Akafika swali la saba, kama unaumia ukilala na bwana, na baba yuko chini ya ardhi miaka mingapi, na mwanamume mzima akalisoma. Yeye ni Mkamba kama sisi, alijua anachofanya, ila alimwogopa msimamizi kuliko alivyokuheshimu. Ukasema hapana mpaka kumi zikaisha. Akajumlisha, akapata sifuri, akakupa asprini.

Wiki haikuisha. Homa ilikupanda, mgongo ukakukatika, ukaanza kuita watu waliokufa zamani. Tulipopata gari ulikuwa umeshakwenda. Kaburini mchungaji akatuambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitaka kumrushia udongo. Wewe uliulizwa na mtu asiyefaa kukuuliza, hayo mengine ni maneno ya watu walioshiba.

Hapa nyumbani mahindi ya muthokoi siku hizi tunakula na maganda yake, hakuna anayejua kuyatwanga kama wewe. Musyoka amekonda. Anasema fomu ndiyo ilionyesha huna kitu. Nilimwambia fomu haina mama mkwe.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Leso zako nilizifua mimi. Niliona damu, Mama. Siku ile nilikuwa nimesimama mlangoni, nikakusikia ukisema hapana, nikanyamaza. Niliona aibu kulitamka mbele ya mume wangu, tena nikadhani wenye kalamu watajua tu. Nawadharau wote hao, na mimi ndiye mjinga kuwashinda.

Sasa sikiliza. Mama Kasyoka wa ng'ambo ya mto amejibu hapana kumi mwezi huu. Aliyemsomea ni Musyoka, na Musyoka ni rika la mwanawe, mama huyo alimwona akitambaa. Nimemwona anarudi nyumbani ameinama, ameshika kiuno, na asprini mkononi.

Alhamisi wale wakubwa wa Nairobi wanakuja na cheti chao cha pongezi. Chifu atakuwepo, na wazee, na Musyoka, na wakwe za watu. Nitasimama. Nitataja jina lako, niseme mama yangu alikuwa anakojoa damu, na aliyetumwa kumuuliza alikuwa mkwe wake, na mimi nilijua nikanyamaza. Niseme pia Mama Kasyoka apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na maswali haya wanawake waulizwe na mwanamke, faraghani, na mkojo upimwe.

Najua nitakuvua nguo mbele ya wanaume. Ulikubali kufa kuliko neno hilo lisikike, na mimi binti yako ndiye nitalisema. Hiyo ndiyo ahadi yangu, hata kama si ile ungeitaka. Kwaheri, Mwaitu. Nikasirikie utakavyo, una haki. Mama Kasyoka bado yuko hai.

Mwanao,
Kalondu