Kikombe Kilikuwa Kimoja

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, goti limepunguza maumivu na baba hajaanza tena kubishana na redio. Mimi ni mzima.

Uliuliza kwa nini shati nililosahau hapo nyumbani linanuka yai viza. Ni kazi, Mama. Maabara yetu inachunguza gesi yenye harufu hiyo, ambayo mwili huitengeneza wenyewe, kidogo sana, ili sehemu zake zipashane habari. Juzi mfagizi mpya alifungua madirisha yote akatangaza kwamba choo kimeziba. Tulicheka mpaka daktari mkuu akaja kutunyamazisha.

Panya wetu wasioweza kutengeneza gesi hiyo, wakipewa vijidudu vya kuhara, hulegea haraka. Wenye nayo ya kutosha huharisha kidogo, kisha hurudia chakula chao. Ni ndugu wa tumbo moja, na maji yao ni mamoja. Nilipoliona hilo mara ya kwanza, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Nilikuwa nakuwaza wewe, unavyochemsha maji mara mbili hadi leo, na kile kikombe cha bati ulichokitundika msumarini, asikiguse mtu. Shangazi aliniambia kwamba pacha mwenzangu alipofariki kwa kuhara tukiwa wadogo, ulisema umemuua mwanao kwa maji yako. Mimi hujawahi kuniambia, nami sikuthubutu kuuliza.

Sasa usikasirike. Daktari alitafuta watu wazima wa kujitolea kunywa vijidudu hivyo, wakiwa wamelazwa na dawa ziko tayari. Nilikunywa. Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikukuaga. Wenzangu wodini waliharisha hadi wakatundikiwa dripu. Mimi tumbo lilinguruma tu, kesho yake nikaomba chakula. Walipopima, gesi yangu ilikuwa nyingi kuliko ya wote, na sasa wananiita Yai Viza. Daktari anasema mtu mmoja si ushahidi, na ya utotoni hakuna awezaye kuyapima tena. Namwamini. Lakini kikombe kilikuwa kimoja, Mama, mkono uliotunywesha ni huo huo, na mimi nipo.

Kwa hiyo nilipoandika hapo juu kwamba ni mzima, sikuandika kwa mazoea.

Msalimie baba, na shangazi usimgombeze. Nikija likizo, naomba unichotee maji kwa kikombe kile.

Mwanao,
pacha uliyebaki naye